Re: Eksteno inalia tik tik kwenye laptopu, dukani inasoma freshi
Mkuu hiyo eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, usiitupe kwanza. Kama umesema pale dukani Ngamiani inasoma freshi ila kwenye laptopu yako inalia tik tik alafu inapotea, mi nahisi ni umeme mdogo tu. Tundu la USB 2.0 kiwango chake ni miliampia 500, la 3.0 ni 900, sasa diski ya inchi 2.5 pale mota inapoanza kuzunguka inaweza ikavuta karibu ampia nzima kwa muda mfupi, tundu likishindwa inazima inaanza upya, ndo huo mlio. Anza na waya, hizi ndefu nyembamba za bei ya kutupwa zinapoteza volti njiani, tafuta mfupi mnene, uchomeke tundu la bluu (mara nyingi ndo la 3.0) kama lipo. Ikigoma kuna waya wa vichwa viwili unaokula matundu mawili, au habu (kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye adapta yake ya ukutani, mi hiyo ndo naiamini zaidi. Zile diski kubwa za inchi 3.5 hazihusiki na ushauri huu, zenyewe zinataka volti 12. Na mafaili yahamishe leo leo hapohapo dukani inakosoma, maana kuzimika zimika hivyo kunaweza kuyaharibu.