Kusimamia mjengo Kasarani: vibali, maji, pesa

Ndugu, umekabidhiwa mjengo wa ghorofa tatu Kasarani, Nairobi, na unauliza uanzie wapi. Anza na vibali: idhini ya kaunti, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), kisha usajili wa mradi NCA (mamlaka ya ujenzi). Mkichimba kabla ya hapo, kazi inaweza kusimamishwa huku gharama zikiendelea.

Halafu maji, ambayo wengi huyasahau kabisa kwenye bajeti. Zege lataka kumwagiliwa angalau siku 7 mfululizo. Likikauka haraka hupasuka na halifikii nguvu inayopimwa siku ya 28 baada ya kumwagwa. Maji ya mfereji Nairobi huja kwa zamu, kwa hiyo nunua tangi na utenge pesa za bauza, yaani lori la maji. Machi hadi Mei, msimu wa mvua za masika, usimwage slabu (sakafu ya zege) bila turubai tayari. Akiba ya dharura iwe asilimia 10 ya bajeti, na tafadhali isiguswe kununua vigae.