Majivu ya baba tuyaweke wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Baba alifia Uingereza, mwili ukachomwa huko. Majivu tunayo hapa Bagamoyo. Tunaweza kujenga ukuta wa kuyahifadhi kwenye kiwanja cha kanisa letu Katoliki?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Paroko akikubali bado hamjamaliza. Kiwanja kilichopangiwa ibada kukifanya pa kuhifadhi wafu ni kubadili matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inadai kibali. Muoneni ofisa mipango miji wa halmashauri kabla ya kununua hata tofali. Lakini kama parokia ina makaburi yake, zikeni humo. Mimi ningefanya hivyo. Roma ilishaelekeza mwaka 2016: majivu yakae mahali patakatifu, yasimwagwe baharini. Kabatini nyumbani pia hapana, nawasihi.