Vijana wangu kila mtu anakula kivyake, nifanyeje?

SUALI: Asalaam alaykum Bimkubwa. Mie nasimamia programu ya vijana hapa Wete, Pemba, kompyuta na ushoni, wako 24. Tunawapa pesa ya chakula cha mchana lakini wakishasali adhuhuri tu kila mtu na njia yake, huyu chipsi yule urojo, wa mjini na wa mjini wenzao, wa mashamba wako ukutani na simu, wengine hawali kabisa wanaiweka iwe nauli. Mwezi wa nne huu majina hawajuani. Wenzangu wanasema pesa tuifute. We waonaje?
Mratibu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Msiifute, ila msiwape mkononi. Ikusanyeni mpike, mchele kilo nne, nazi, dagaa au changu akipatikana, na siku pesa ikiwa ndogo muhogo wa nazi nao chakula. Kwanza lakini watafute hao wa nauli, wape nauli yao pembeni bila ya kuwatangaza, maana ukiwakata wataacha kuja na utasema watoro.

Sasa usiwapakulie kwenye sahani! Mtu na sahani yake anakwenda nayo palepale ukutani. Tandika mikeka, weka masinia manne, watu sita sita, wasichana kwao na wavulana kwao ili wazee wasije juu, na wa kukaa pamoja uwapange wewe, wakichagua wenyewe watarudi kulekule. Kwenye sinia huwezi kushika simu, mkono una mchuzi. Halafu samaki yuko katikati na chuoni kwenye Kurani sote tulifundishwa mtu ale mbele yake, kwa hiyo lazima mmoja amchambue awasogezee wenzake, na yule mkimya utamsikia anasema "nipe mie kichwa". Mie hapo ndo nilipoanza kuwajua vijana wangu, nani anakula mbio, nani anamwachia mwenzake.

Kupika wapike wenyewe kwa zamu, na wavulana pia wakune nazi, mwanzo watakwambia hawajui, wape mbuzi tu. Sufuria waoshe waliopika? Hapana, waoshe waliokula, la sivyo utasikia maneno mpaka Chake Chake.

Anza mara moja kwa wiki. Siku usiweke Jumatatu wala Alkhamisi, wanaofunga sunna wengi, Jumatano nzuri. Ukiingia Ramadhani geuza iwe futari, na mchumo wa karafuu ukifika usishangae masinia yamekuwa mawili, wako juu ya mikarafuu hao, watarudi. Na uulize mapema nani ana sukari au hali pweza, si mpaka chakula kishapakuliwa.

Masinia ukiazima mtaani yatie alama ya rangi chini, yangu mawili yalikwenda arusini mwaka juzi mpaka leo.