Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ufadhili wa Utafiti

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia kwamba tasnifu yako inasonga mbele. Umeniuliza kama kuna haja ya kuomba ufadhili wa kwenda kufanya utafiti katika maktaba ya mbali, ilhali vitabu vingi vya karne ya 16 na ya 17 vimekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Na kama ipo haja, uanzie maktaba gani. Omba, mwanangu, ila uifuate maktaba kwa sababu ya vitabu vilivyomo, wala si kwa sababu ya jina lake.

Picha hukuonyesha nakala moja tu, na katika zama hizo nakala moja haikutosha kukieleza kitabu. Wachapaji walikuwa wakisahihisha makosa huku kazi ya kuchapa ikiendelea, na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, kurasa zilizokwisha kuchapwa na makosa yake hazikutupwa, bali zilijalidiwa pamoja na zile zilizosahihishwa. Ndiyo maana nakala za mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623 hazilingani. Maktaba ya Folger mjini Washington, iliyofunguliwa mwaka 1932, ina nakala 82 za mkusanyiko huo, na humo ndimo msomi Charlton Hinman alimolinganisha zaidi ya nakala 50, ukurasa kwa ukurasa, akitumia chombo alichokibuni mwenyewe chenye vioo na taa. Kurasa mbili za nakala tofauti zilimulikwa kwa kupokezana haraka, na mahali palipokuwa na tofauti pakaonekana panachezacheza machoni pake. Kwa njia hiyo alifika hadi kuwatofautisha mafundi waliopanga herufi. Nakuuliza nawe: kazi kama hiyo ingefanyika vipi kama nakala zile zisingekuwa zimekusanywa chini ya paa moja?

Kwa mada yako, yaani wanawake walioandika maoni yao pembezoni mwa vitabu vya dua, hoja hii ina uzito zaidi. Wino uliofifia, jina lililokwanguliwa kwenye jalada la ndani, alama ya maji, yaani chapa ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi, inayoonekana pale tu karatasi inapoelekezwa kwenye mwanga: mengi ya hayo kamera huyapoteza. Kwa hiyo anza na katalogi. Tafuta zile zinazotaja wamiliki wa zamani na maandishi ya mkono yaliyomo, kisha ndipo uamue kama safari yako ni ya Folger, au Newberry ya Chicago, au Huntington ya California, au ile ya Wolfenbüttel nchini Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1572, ambayo mwanafalsafa Leibniz aliwahi kuwa mkutubi wake.

Kuhusu muda, ufadhili wa miezi mingi kwa kawaida hutolewa kwa waliokwisha kupata shahada ya uzamivu. Wewe uombe ule wa mwezi mmoja au miwili, ambao mara nyingi hupokea pia wanafunzi wanaoandika tasnifu.

Katika andiko lako la maombi, usijaze kurasa kwa kueleza umuhimu wa mada kwa jumla. Kamati huwa na wasomi wa fani mbalimbali, na kinachowashawishi ni kuona kwamba unajua utakachoomba kuletewa mezani siku ya kwanza. Taja vitabu kwa namba zake za katalogi, useme kila kimoja kitakujibu swali gani, na kwa nini picha yake haitoshi. Maombi yanayosema tu kwamba maktaba ina hazina kubwa yangeweza kutumwa popote, na msomaji makini hulitambua hilo mara moja.

Jambo jingine ni mwandiko. Katika mwandiko wa makarani wa Uingereza wa enzi hizo, herufi ya c hufanana na r yetu ya leo, na e mara nyingi huandikwa kinyumenyume. Jifunze kuusoma kabla ya kuondoka, kwa kuwa mwezi mmoja ni mfupi mno kuutumia kwa kujifunza alfabeti.

Walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo uwape andiko lenyewe mapema, ili barua zao ziyazungumzie maombi haya hasa. Rasimu ikiwa tayari niletee. Nitaisoma na kukuandikia maoni yangu kabla hujaituma.

Mama yako akupendaye