Kambi Newala mwezi wa sita: hema tulipige wapi?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni walimu sita wa Mtwara Mjini. Likizo ya mwezi wa sita tunataka kwenda Newala, tulale nje siku mbili karibu na genge la Shimo la Mungu. Mahema tumeazima. Je, tuyapige ukingoni kabisa ili tukiamka tulione bonde la Ruvuma, au tushuke chini kwenye maji?

JIBU: Mwalimu, msilale ukingoni wala bondeni. Ukingoni nendeni kutazama jua likizama, kisha mrudi nyuma kulala.

Mwezi wa sita kusi, ule upepo wa kusini-mashariki, limeshika. Likivuka uwanda wa Makonde hadi kwenye genge hakuna cha kulizuia, na hema linapigwa usiku kucha. Bondeni nako kuna adha yake: hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka na kutuama chini, na alfajiri mnaamka mmelowa umande. Tena Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo shuka la Mtwara halitawatosha. Bebeni mablanketi.

Tafuteni tambarare iliyoinuka kidogo, yenye kichaka kizito upande wa kusini-mashariki. Msijibanze kichakani. Kichaka cha mita 4 hukinga upepo vizuri mkikaa mita 8 hadi 20 nyuma yake, na hata mti ukianguka hauwafikii. Mlango wa hema uelekee kaskazini-magharibi.

Udongo wa uwanda ule ni kichanga, na vigingi vifupi vinavyokuja na mahema hung'oka kwa upepo wa kwanza. Chukueni viroba vitupu, mvijaze mchanga, mfunge kamba katikati, mvifukie kina cha goti. Hapo hema halitikisiki.

Kivuli cha mikorosho kitawavutia sana. Kiacheni. Huo ndio msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu wa mikorosho, na wakulima wengi hupuliza alfajiri kabla upepo haujaamka, ninyi mkiwa usingizini. Vumbi lile huwasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu ndiye atakayeumia zaidi. Na shamba lina mwenyewe.

Maji ndiyo ninayoyasisitiza kuliko yote. Kichanga kile hunywa mvua yote, chemchemi zinatokea chini kabisa ya mteremko, na watu wa Newala wamehangaikia maji miaka mingi. Sio haki mgeni aende kugombania ndoo na wenyeji. Hesabuni lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia: watu sita siku mbili ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Ongezeni moja la kunawia.

Kabla ya kushusha mizigo, pitieni kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mwombeni ruhusa, mumwulize pia kuhusu fisi na wanyama wengine. Yeye ndiye anayejua nani anachoma shamba wiki hiyo. Nyasi zimekauka na kusi hurusha cheche mbali, kwa hiyo pikieni jiko la gesi, msiwashe kuni. Fikeni kabla ya saa kumi jioni, mpate muda wa kuhama kama mahali pa kwanza hapafai.