Ukiangalia dokumentari ya bahari, zima sauti kwanza

Mi zamani nilikuwa naziangalia kama watu wengi tu, usiku nimechoka, simu mkononi, samaki wanapita na kamziki kanabembeleza, dakika kumi nyingi nishalala. Siku moja kitufe cha sauti kwenye rimoti kikagoma, tivii ikabaki bubu, nikasema potelea mbali ngoja niangalie hivyohivyo. Ilikuwa ni pweza anatambaa kwenye mwamba. Jamani! Ngozi ikaanza kutoa vinundu vinundu kama mwamba wenyewe, rangi nayo ikahama, kufumba na kufumbua simwoni tena na nilikuwa nimemkodolea macho. Nikarudisha nyuma mara tatu.

Toka hapo kila anayeniuliza namwambia, raundi ya kwanza usisikilize chochote. Kwanza zile sauti za kaa anavyotembea, kwa-kwa-kwa, mara nyingi zinatengenezwa studio baadaye, na mziki ndo mbaya zaidi, unakuambia papa huyu ni muuaji hata hujamwangalia vizuri, kumbe mwenzio anapita zake.

Halafu jiulize mwanga unatoka wapi. Hii ndo ilinivuruga kichwa. Maji yanameza rangi nyekundu mapema sana, kwa hiyo kule chini kitu chekundu kinaonekana cheusi tu, yaani wekundu ndo maficho yenyewe, na ukipita mita 1,000 jua halifiki kabisa. Sasa yule kamba mwekundu anayewaka kwenye skrini yako, taa ya kamera ndo imemuumbua, majirani zake hawajawahi kumwona hivyo. Mwanga wa kule ni wa wenyeji, kama yule samaki mwenye kijitaa kinaning'inia mbele ya mdomo, kinachowaka pale ni bakteria wanaoishi humo ndani.

Raundi ya pili sasa fungulia sauti, hapo utaambiwa pweza ana mioyo 3 na damu ya buluu kwa sababu ya shaba, sawa, raha kujua. Ila mama pweza niliyemwona bila sauti sitomsahau, amejibanza pangoni anayapulizia mayai yake maji, hatoki, hali, nikawa najiuliza tu mbona anazidi kupauka. Nilipofungulia sauti msimulizi akasema mayai yakianguliwa na yeye anakufa. Nilikuwa nishajua.