Kamusi haitakutosha: barua kuhusu kufasili maneno makubwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza hivi: "Nikiulizwa uhuru ni nini, au elimu, au fasihi, nafungua kamusi, nanakili, halafu mtu anasema 'lakini' moja tu na mimi sina la kujibu. Maneno haya yanafasiliwaje?"

Kosa si la kamusi. Kamusi inakueleza watu wanalitumiaje neno. Haikuamulii mpaka wa dhana upite wapi, na hiyo "lakini" ya mwenzako karibu kila mara inatoka mpakani.

Umbo la fasili ni la kale, tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Unataja kundi ambamo kitu kimo, kisha sifa bainifu inayokitenga na wenzake wa kundi hilo. Pembetatu ni umbo bapa, hilo ndilo kundi. Lenye pande tatu zilizonyooka, hiyo ndiyo sifa. Kwa pembetatu kazi imekwisha. Kwa uhuru hata kundi lenyewe lina ubishi: ni haki, ni hali, au ni uwezo?

Kwa hiyo usianze na sentensi. Anza na visa. Chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza uandike visa vitatu ambavyo hakuna atakayekataa kwamba vimo. Ya pili, vitatu ambavyo hakuna atakayedai vimo. Ya tatu ndiyo yenye thamani: visa vitano au sita vinavyokutia shaka. Hapo sasa andika sentensi yako na uipitishe kwenye safu zote. Ikiingiza kisa cha safu ya pili, ni pana mno. Ikikitoa cha safu ya kwanza, ni finyu mno. Safu ya tatu haikupi jibu la sawa au si sawa. Inakulazimisha uamue na useme kwa nini.

Husimuliwa kwamba Plato alimfasili binadamu kuwa mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya, mwanafalsafa mwenzake Diogenes akanyonyoa jogoo na kumpeleka darasani: huyu hapa binadamu wa Plato. Basi wakaongeza "mwenye kucha pana". Watu hucheka jogoo, lakini kosa la kuchekesha zaidi ni hizo kucha. Fasili ikivunjika, usiitie kiraka. Uliza kama ulichagua sifa isiyo ya msingi.

Tuchukue ushairi, maana hapo utaliona jambo hili vizuri. "Shairi ni utungo wenye vina na mizani." Safi, inapimika: mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho. Sasa mtu akipanga majina ya miezi kwa vina na mizani kamili, ameingia. Utungo usio na vina, wenye taswira nzito na mapigo yake yenyewe, umetoka. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi wa Kiswahili, uliopamba moto miaka ya 1970, kwa sehemu kubwa ulikuwa mgogoro wa fasili: kwa wanamapokeo vina na mizani ni uti wa mgongo, kwa wanamabadiliko ni vazi. Geuza basi useme "shairi ni lugha ya mkato yenye hisia nzito". Mara methali imeingia, na salamu za rambirambi zimeingia. Sifa inayopimika inakupa uhakika, ila huenda umepima kitu kingine. Sifa ya moyoni inagusa kiini, ila haimzuii yeyote mlangoni. Mimi ningeligawa neno: shairi la kimapokeo nilifasili kwa umbo lake, bila kuomba radhi, na ushairi kwa ujumla nitafute fasili yake mahali pengine. Kugawa neno si kukimbia swali. Mara nyingi "lakini" huzuka kwa sababu dhana mbili zinaishi ndani ya neno moja.

Jihadhari pia na asili ya neno. Fasihi inatokana na Kiarabu, kwenye ufasaha wa kusema. Ukiifanya asili hiyo kuwa fasili, wakili mwenye ulimi mzuri atakuwa fasihi, na riwaya ya msimulizi mwenye kigugumizi itabaki nje. Asili inaeleza neno lilikotoka tu.

Kwenye siasa, tatizo kubwa ni kwamba neno lina sifa njema, kila mtu analitaka. "Demokrasia ni utawala unaochaguliwa kwa kura." Tawala za kidikteta nazo hupiga kura. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, mwaka 1942, aliweka uzito kwenye ushindani: wanaotaka madaraka wanagombania kura za watu. Hapo kura ya mgombea mmoja inaanguka, na ni fasili unayoweza kuitumia kazini. Lakini irudishe Athens ya kale, kwenye chimbuko la neno lenyewe: baraza la watu 500 na nafasi nyingi za utumishi zilijazwa kwa bahati nasibu. (Neno letu "kura" bado linabeba maana zote mbili, ya kuchagua na ya bahati.) Ama useme Athens haikuwa demokrasia, ama ukiri kwamba unafasili demokrasia ya uwakilishi ya sasa tu. La pili linatosha kabisa, mradi uliandike.

Uhuru una dawa yake. Mwanafalsafa Gerald MacCallum alionyesha mwaka 1967 kwamba kila dai la uhuru lina nafasi tatu: nani yuko huru, kutokana na kizuizi gani, kufanya au kuwa nini. Jaza zote tatu kabla hujabishana. Mara nyingi utakuta wabishi wawili wamejaza nafasi ya pili tofauti, mmoja sheria, mwingine umaskini.

Elimu nitaipita haraka. Neno linataja mchakato ("yumo katika kupata elimu") na tokeo ("ana elimu"). Chagua moja kwanza. Ukihitaji kuhesabu watu, andika fasili ya kitendo, yaani inayosema mtu aweze kufanya nini ili ahesabiwe, kama UNESCO ilivyofanya mwaka 1958: anajua kusoma na kuandika yule awezaye, kwa kuelewa, kusoma na kuandika maelezo mafupi mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Ona yule anayeweza kuandika jina lake tu alivyotoka nje. Ukilegeza maneno mawili hapo, idadi inabadilika bila mtu hata mmoja kujifunza herufi.

Nyumbani na kwenye urafiki, acha makundi na sifa, tumia vitenzi. Wawili wakigombana juu ya "heshima", kila mmoja aandike sentensi tatu zinazoanza "ni heshima uki…" na tatu "si heshima uki…", kisha wabadilishane karatasi. Mmoja ataandika kutokatizwa akizungumza, mwingine kuulizwa kabla ya uamuzi. Wote wawili walikuwa na neno moja mdomoni.

Na masikio yako yasimame kila unaposikia "ya kweli": upendo wa kweli, demokrasia ya kweli, mwanamume wa kweli. Mara nyingi hapo mtu anabadilisha fasili huku akibaki na sifa njema ya neno. Muulize tu: isiyo ya kweli inakosa nini? Akishindwa kutaja, hakuwa na fasili.

Sentensi yako isizidi maneno 25, dhana isijirudie ndani yake kwa jina lingine ("uongozi ni hali ya kuongoza"), na chini yake uandike mstari mmoja: fasili hii ni ya kazi gani, na inaacha nini nje kwa makusudi. Mtu akija na "lakini", mwonyeshe mstari huo kwanza.

Nitumie hiyo ya uhuru ukimaliza, pamoja na safu ya tatu. Sentensi peke yake sitaisoma.

Mama yako